Dumu la Upande wa Chifu

Mama Turubai alikuwa akijisifu kwamba tangu azaliwe hajawahi kudanganywa na mtu. Ukimwondoa yule aliyemuuzia cherehani ya kwanza, isiyo na mguu. Na yule wa cherehani ya pili, yenye mguu lakini ukiukanyaga inashona kurudi nyuma. Na mwanamume aliyemwambia wakati wa uchumba kwamba hakoromi. Ukiwaondoa hao, hakuna.

Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa amekaa kando yake asubuhi ile, kwenye benchi la karakana ya boti, anakoroma mchana kweupe, mdomo wazi, kofia imemteremkia puani.

Ilikuwa Jumamosi ya sita. Jumamosi sita wamezunguka ziwa zima kutafuta boti iliyotumika, ile ya kukimbia, yenye viti vya kulalia mgongo na kioo cha mbele. Boti ya kwanza ilikuwa na zulia zuri, na chini ya zulia hakuna sakafu. Ya pili injini ilikuwa imepakwa rangi asubuhi ile ile. Chifu aliigusa akatoka na kiganja cheusi. Ya tatu mwenyewe alilia alipotajiwa kuiuza, wakamwonea huruma, wakanywa naye chai, wakaondoka. Ya nne na ya tano Mama Turubai hataki hata kuzikumbuka. Magoti yake yalikwisha kuwa na midomo yao wenyewe, yanalalamika kila ngazi. Alikuwa ameapa kwamba hii ya sita ndiyo ya mwisho: wakikosa hapa, hadithi ya boti imekwisha, wanunue redio.

Mumewe walimwita Chifu kwa sababu alikuwa fundi wa injini kwenye kivuko, na fundi mkuu wa chombo huitwa hivyo. Yeye alikuwa fundi wa pili, lakini fundi wa kwanza alishakufa, nani wa kubisha? Miaka thelathini na mitatu alishinda chini tumboni mwa kivuko, kwenye joto na kelele, na ziwa alikuwa akilisikia tu likigonga bati. Abiria wa siku moja aliliona ziwa kuliko yeye. Alipostaafu akasema neno moja: anataka boti ambayo injini inakaa nje na yeye anakaa upepo usoni. Mama Turubai, ambaye hujulikana kwa kushona maturubai ya malori na ngozi za viti vya boti, alikubali. Mtu aliyeishi chini ya maji miaka yote hiyo, unamnyimaje upepo?

Lakini tangu mvua ziishe Chifu alikuwa anachoka. Analala kwenye mabenchi. Anapumzika katikati ya ngazi akisingizia kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kamba. Miezi miwili iliyopita alikwenda hospitali kutolewa damu. Akarudi akasema, "Hawakuona kitu." Mkewe akaomba karatasi ya majibu. Akaambiwa siku hizi hawatoi karatasi, kila kitu kiko kwenye kompyuta. Mama Turubai aliishia darasa la saba. Hakuwa na hamu ya kugombana na kompyuta. Ila maneno yale mawili, *hawakuona kitu*, aliyaweka moyoni na kila asubuhi huyapapasa, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni kuhakikisha bado zipo. Kitu kimoja tu alikitaka duniani, nacho si boti: yawe kweli.

"Mmeshafika wazee wangu!" Fundi wa karakana alitokea nyuma ya maboya, chaki sikioni. Kila mtu alimwita Chaki, maana hakuwa na daftari. Aliandika kwenye mbao, kwenye mlango, ubavuni mwa boti, na mara moja kwenye mgongo wa mteja aliyesinzia. "Chifu, umelala?"

"Nafikiri," akasema Chifu, macho yamefumba.

"Anafikiri kwa sauti," akasema mkewe. "Hata jirani hufikiriwa usiku kucha."

Chaki akawapeleka gatini. Boti zilikuwa mbili, pacha: nyeupe, mstari wa buluu ubavuni, viti sita kila moja. Zilinunuliwa siku moja na ndugu wawili waliokuwa wakishindana. Mkubwa akafunga injini ya nguvu za farasi tisini. Mdogo kusikia hivyo akafunga ya mia na hamsini, amwachie mwenzake povu la kunywa. Baadaye wote wawili wakachoka kushindana, wakazileta hapa. Kibao kidogo nyuma ya kila boti kilisema mwisho wake ni farasi mia na hamsini, usizidishe.

"Sasa, Chifu, unataka ip—"

"Kubwa."

"Sijamaliza swali, mzee."

"Jibu lilikuwa tayari."

"Farasi mia na hamsini!" Mama Turubai akashika kiuno. "Sisi wawili na meno yetu yaliyobaki, tunakwenda wapi? Vitani?"

"Mama watoto, wewe jua turubai. Injini niachie mimi."

"Nimekuachia miaka yote. Ndiyo maana sijawahi kufika popote."

Chaki alicheka mpaka chaki ikadondoka. Alipoiokota akawa mtu wa kazi. "Wazee wangu, injini haichaguliwi kwa mdomo, inachaguliwa kwa mzigo. Ukiweka injini ndogo kwenye mzigo mkubwa, boti haipandi juu ya maji; inatembea pua juu, mkia chini, inalima ziwa, inakunywa mafuta na haifiki. Ukiweka kubwa kwa dereva asiye na mikono, siyo yeye anayeendesha boti, boti ndiyo inamwendesha. Hapa kwangu hatujaribu boti tupu. Boti tupu hata nikiifunga feni itakimbia. Nani na nani watapanda?"

Akachukua ubao. Chifu akaanza kuhesabu: yeye, mkewe, binti yao, mkwe wao, na dada yake Chifu, ambaye kwa Mama Turubai ni wifi.

"Wifi yako kilo sitini," akasema Chifu.

"Sitini?" Mama Turubai akageuka. "Hiyo ni paja moja au na mwenzake?"

"Yeye mwenyewe ndivyo alivyosema."

"Alisema mwaka gani? Fundi, andika themanini na tano, na uniwekee kiporo cha kilo tano, akija atakuwa amekula."

Chaki akaandika. Alikuwa amezoea. Watu wote, alisema, wakiulizwa uzito huteremka. Hata mabaunsa aliwahi kuwaona wakinong'ona namba ya mtoto. Ndiyo maana mlangoni pa karakana palikuwa na mizani ya chuma ya kupimia injini. "Na wewe, mama?"

"Sabini."

"Panda."

"Mwanangu, mtu mzima akisema sabini—"

"Panda, mama."

Akapanda. Mshale ukatetemeka, ukafikiria, ukasimama kwenye themanini na mbili.

"Mizani yako ina kutu," akasema Mama Turubai.

"Kutu haifiki kilo kumi na mbili, mama."

"Basi ni viatu." Alivaa kandambili. Wote watatu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, kwani uongo wa namna ile aliupenda. Ni uongo usiomuumiza mtu, na ukikamatwa unafurahisha.

"Haya, Chifu."

"Themanini na nne," akasema Chifu, upesi kidogo.

"Panda tu, mzee."

"Fundi, nimepimwa kazini kila mwaka, miaka thelathini na mitatu. Uzito wangu naujua kama namba ya mlango wa nyumba yangu. Andika." Akatembea kwenda gatini, polepole, akashika nguzo, akainama kufunga kamba za viatu.

Chaki akamtazama Mama Turubai. Mama Turubai akatazama ziwa. Chaki akaandika themanini na nne, kwa heshima ya mtu aliyekula moshi wa injini tangu yeye hajazaliwa.

Waliobaki nyumbani waliwakilishwa na madumu. Dumu moja la maji ni kilo ishirini, hilo halina mjadala, na Chaki alikuwa nayo mlima mzima. Yalijazwa ziwani, mengine nusu, yakapangwa vitini sawasawa, kulia na kushoto, na Mama Turubai akayapa majina. Mkwe alikuwa madumu manne yaliyonyooka, hayasemi neno, kama mwenyewe. Wifi akawekwa kiti cha nyuma, katikati. "Wifi, kusanya miguu," Mama Turubai akayaambia madumu yake. "Hapa si kwako."

Wakapanda boti ya farasi tisini. Chifu upande wa kulia, kwenye usukani. Mkewe kushoto kwake. Chaki katikati, nyuma yao. Kabla ya kufungua kamba alikuwa na desturi yake: chupa ya plastiki yenye maji nusu, aliilaza juu ya sakafu na kutazama maji yamekaa vipi ndani yake. Boti iliyolala upande mmoja haitoi jibu la kweli, alisema.

Maji ya kwenye chupa yalikimbilia kushoto. Boti ilikuwa imelala upande wa Mama Turubai.

"Mama, sogea kulia kidogo."

"Nikisogea kidogo tu nimekalia gia."

Chaki akakuna sikio. Akainama kutazama tangi la mafuta: liko katikati. Akafungua kifuniko cha betri: iko kulia, upande wa Chifu. Akasoma ubao wake. "Huku themanini na mbili. Huku themanini na nne, na betri juu. Ingelala huku, siyo huko." Akaruka gatini, akarudi na dumu moja lililojaa, akaliweka miguuni kwa Chifu.

Maji ya chupa yakanyooka kimya.

"Haya," akasema Chaki. "Sasa tumekaa sawa."

Mama Turubai alilitazama lile dumu. Aliyabeba madumu tangu ana miaka saba, kichwani, mgongoni, mkono huu na mkono huu. Hakuhitaji mizani kumwambia dumu lina uzito gani. Themanini na mbili upande wake. Upande wa pili mtu mmoja na dumu la ishirini, ndipo zilingane, na hapo betri hujaihesabu. Hesabu za darasa la saba zilimtosha. Zilimtosha na kubaki. Akasema moyoni: boti ina kasoro. Ndiyo, boti za mitumba, utazijulia wapi. Akakunja mikono kifuani, akajilaza kitini, uchovu wa Jumamosi zote sita ukamkalia mapajani kwa mpigo.

"Twende," akasema.

Ile ya farasi tisini ililima kweli. Pua juu, mkia chini, povu nyuma kama la kufulia, injini inalia na ziwa halina habari. Chaki akaenda kujilaza puani kabisa ndipo ikapanda juu ya maji, kwa shingo upande, na kila walipokata kona ikashuka tena. Lakini Chifu alikuwa ameshika usukani. Upepo ulimpiga usoni, kofia ikaruka, hakuitazama. Akatabasamu. Mkewe hakuwahi kuliona tabasamu lile tangu mvua ziishe, akageuza uso upande wa pili, akasingizia dawa ya mbu imemwingia machoni, na mbu hawakuwapo.

Wakarudi. Madumu yakahamishwa boti ya pili, mkwe, binti, wifi na miguu yake, kila mmoja kiti chake. Lile dumu la ziada Chaki aliliacha gatini. Wakapanda. Akalaza chupa.

Maji yakakimbilia kushoto.

Boti mbili. Haziwezi kuwa na kasoro moja, upande mmoja, kiasi kile kile. Mama Turubai alimwona Chaki akitazama chupa, akitazama ubao, kisha akimtazama Chifu mgongoni, pale ambapo shati lilikuwa linaning'inia mabegani kama bado liko kwenye kamba ya kuanikia. Chaki akanyoosha mkono, akalichukua dumu, akaliweka miguuni kwa mzee taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni kigoda.

"La nini hilo?" akauliza Chifu.

"La kusawazisha, mzee wangu."

"Boti zako zote zimepinda."

"Ndiyo, mzee."

Farasi mia na hamsini hawakuuliza swali. Chifu alisukuma mkono wa gia na boti ikanyanyuka pale pale, na familia yake yote ya madumu, ikakaa juu ya maji na kuruka. Mama Turubai alishika kiti kwa mikono miwili na kumwita mama yake, aliyekwisha kufa. Ila injini ile ilikuwa inavuta usukani upande, haikomi, inataka kushikwa. Chifu aliushika. Mishipa ikamtoka shingoni. Kwenye kona ya kwanza usukani ukamponyoka. Boti ikajizungusha. Wifi akaanguka wote, dumu baada ya dumu. Chaki alijirusha juu ya mabega ya mzee akarudisha gia, na ziwa likatulia ghafla, kimya, maji yakigonga ubavu.

"Usukani huu mbovu," akasema Chifu. Alikuwa anatafuta pumzi.

"Mama," akasema Chaki polepole, "hebu jaribu wewe."

Walibadilishana viti. Mama Turubai hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote, hata toroli. Lakini mikono yake ilikuwa imevuta turubai la lori likiwa limelowa, miaka arobaini, na usukani ule ulipovuta aliuvuta yeye, ukanyamaza. Akakata kona. Akakata nyingine. Chifu alikaa kiti cha abiria, dumu limebaki upande ule mwingine, miguuni kwa mkewe, na boti safari hii imelala sana, na kila mtu anaona na kila mtu anatazama kwingine.

Gatini Chaki akasema anakwenda kutafuta chaki mpya. Iliyokuwa sikioni ilikuwa nzima.

Wakabaki wawili benchini, mashati mabichi. Mbele yao boti mbili zinacheza kwenye kamba.

"Baba," akasema Mama Turubai. Hakumwita Chifu. "Sikiliza. Nimechoka, nawe umechoka, hatutaki Jumamosi ya saba. Ukiniambia ukweli, tunachukua ile kubwa, inatubeba wote, na mimi nitaendesha. Wewe utakaa upepo usoni, utanikosoa mpaka uchoke. Ukinidanganya, tunachukua ndogo, uendeshe wewe, tulime ziwa pua juu mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka."

"Usinichekeshe. Una kilo ngapi?"

"Themanini na nne."

"Hospitali walisema nini?"

"Nilishakwambia. Hawakuona kitu."

"Na lile dumu?"

"Boti zake zimepinda, mwenyewe amekubali." Kisha uso wa Chifu ukang'aa kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana shahidi. Akasimama mbele yake, akapandisha shati, akajipiga kiunoni. "Tazama! Suruali hii uliishona wewe mwenyewe, mwaka juzi. Ya kahawia, ya Jumamosi. Kama ningekuwa nimepungua, si ingeanguka? Inanikaa vile vile. Tia kidole uone. Haijaguswa na mtu tangu itoke kwenye cherehani yako."

Ilimkaa kweli. Mama Turubai akatazama. Kwa kitambo kidogo moyo wake ulipanda juu ya maji, wote, mwepesi, bila mzigo. Suruali haijui kudanganya. Alitaka kuamini kiasi kwamba karibu aamini.

Lakini mkono wa fundi wa kushona hauna adabu. Ulikwenda wenyewe nyuma ya kiuno cha mumewe, ukashika ukanda wa suruali, ukaupindua ndani nje, kama unavyopindua kazi ya mtu mwingine kuona alivyomalizia.

Pale nyuma, katikati, kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara mbili, upana wa vidole vinne. Chini ya mkunjo huo kulikuwa na mkunjo mwingine, wa zamani zaidi, wa vidole viwili. Alikuwa ameipeleka kupunguzwa mara mbili. Mshono ulikwenda kombokombo, mwisho wake umefungwa fundo kubwa la kivivu.

"Baba," akasema, bila kuuachia ukanda. "Miaka arobaini na mmoja nakushonea. Lini umeniona nashona kitambaa cha kahawia kwa uzi mweupe?"

Chifu alisimama vile vile, shati juu, tumbo nje, anatazama ziwa.

"Yule fundi wa sokoni," akasema mwishoni, kwa sauti ndogo, "aliniapia kwamba atatumia uzi wa kahawia."